Usalama wa Maji Penye Dhahabu: Nani Aulizwe, na Nani Alipe?

Kwa zaidi ya miaka 60 sasa, wachumi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja ambalo kwa sura yake ni jepesi: je, kaya hii ingekuwa radhi kulipa kiasi gani ili chanzo chake cha maji kilindwe? Swali hilo limeulizwa kandokando ya mito ya Marekani inakochimbwa gesi, na limeulizwa vijijini Afrika kabla ya kuchimbwa kisima au kutandazwa bomba. Majibu hujumlishwa, hutafutwa wastani wake, na hatimaye huwekwa mezani mbele ya watunga sera kama bei ya kitu ambacho hakiuzwi sokoni.

Makala haya yanadai kwamba swali hilo linafaa kuulizwa pia katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, na hasa katika miji midogo kama Kagongwa ambako mpunga, mifugo na dhahabu hugombania maji yaleyale. Lakini yanadai vilevile kwamba jibu la mwananchi lisigeuzwe kuwa ankara yake. Kupima thamani ya maji ni jambo moja. Kuamua nani atalipa gharama za kuyalinda ni jambo jingine kabisa. Mambo haya mawili yakichanganywa, sayansi iliyokusudiwa kumlinda mkulima huweza kutumika kumtoza kwa uchafu ambao hakuufanya.

Maji ya Kagongwa

Kagongwa ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Isaka kwenda Kahama. Wasafiri wengi huujua kwa mashine zake za kukobolea mpunga na magunia ya mchele yanayosubiri magari. Hata hivyo dhahabu haiko mbali. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulifanya kazi kuanzia mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Kakola, ulizinduliwa mwaka 2001, na ule wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya migodi hii mikubwa yamo maduara ya wachimbaji wadogo, na pamoja nayo makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea, na malundo ya marudio yanayosubiri kuchenjuliwa upya.

Maji safi ya bomba katika sehemu hizi yana historia ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Yanatoka Ziwa Victoria, katika chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, na yalifika Kahama na Shinyanga kwa mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009. Kabla ya hapo ulikuwapo mvutano wa kimataifa, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1929, uliofungwa wakati Uingereza ikitawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, uliipa Misri sauti juu ya maji yanayoingia Mto Nile. Tanganyika ilikwisha kutangaza, mara baada ya Uhuru, kwamba haifungwi na mikataba ya namna hiyo. Kwa hiyo bomba la Ihelele ni kazi ya ufundi na pia ni tendo la taifa huru. Mwaka 2021 ukazinduliwa mradi wa kuyafikisha maji hayo Kagongwa na Isaka.

Pamoja na hayo, bomba halijafuta visima. Maji ya bomba hununuliwa, na kaya yenye kipato kidogo huyatumia kwa kunywa na kupikia tu. Ng'ombe hunywa lambo. Bustani na matofali hutumia kisima. Na mpunga hutegemea mvua inayotuama katika majaruba. Mtu akisema kwamba uchafuzi wa maji ya ardhini si tatizo tena kwa sababu bomba limefika, amesahau kuwa mwananchi hula kile ambacho ng'ombe wake wamekunywa na kile ambacho jaruba lake limeotesha.

Sumu yenyewe ni ipi?

Mjadala wa bei hauwezi kuwa na maana kabla ya kufahamu kinachohofiwa. Yapo mambo matatu makuu.

La kwanza ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga mzito uliobaki baada ya kuoshwa kwenye mwalo. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kuwa donge. Donge hilo huchomwa motoni, na kwa kuwa zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hutoka ikiwa mvuke na kuiacha dhahabu. Mvuke huo huvutwa na mchomaji pamoja na watoto walio karibu. Sehemu nyingine huanguka juu ya udongo. Aidha, kiasi cha zebaki hubaki ndani ya marudio. Kwa makisio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaoongoza katika kutoa zebaki hewani kutokana na shughuli za binadamu. Unachangia kiasi cha asilimia 38.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.006 za zebaki isiyo ya kaboni katika lita moja, yaani mikrogramu 6. Mwanafunzi na afanye hesabu: gramu moja ina mikrogramu 1,000,000, zikigawanywa kwa 6 hupatikana lita 166,666, ambazo ni zaidi ya ndoo 8,300 za lita 20. Kwa maneno mengine, gramu moja ikiyeyuka yote ingetosha kuyafikisha maji ya ndoo hizo kwenye kikomo cha usalama. Ni kweli kwamba zebaki ya metali haiyeyuki kwa urahisi kiasi hicho, wala si sahihi kumtisha mtu kwa hesabu nusu. Hatari kubwa zaidi iko kwingine: katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa zebaki-methili, ambayo hupenya katika viumbe na kuongezeka kadiri mmoja anavyomla mwingine, mpaka kufika kwa samaki mkubwa na kwa binadamu. Hiyo ndiyo sumu iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 ilhali kiwanda kiliendelea kumwaga taka zake hadi mwaka 1968.

Hapa ndipo mpunga unapoingia katika habari hii. Uchunguzi uliofanywa Wanshan, katika jimbo la Guizhou nchini China, penye machimbo ya kale ya zebaki, ulionyesha kwamba jaruba lililofurika maji ni mahali panapofaa sana kwa bakteria hao, na kwamba punje za mchele zinaweza kubeba zebaki-methili. Katika nchi ambako watu wanalima mpunga na kuchenjua dhahabu katika wilaya moja, ugunduzi huo si habari za mbali.

Jambo la pili ni sayanidi. Marudio ambayo zebaki imeshindwa kuyatoa dhahabu yote hupelekwa kwenye matangi ya sayanidi. Sayanidi huua upesi, ingawa ikikaa juani huvunjika. Lakini ikikutana na zebaki iliyobaki kwenye marudio, huiyeyusha na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi kuliko mwanzo. Sumu mbili zikikutana, madhara yake si jumla tu ya moja na moja.

Jambo la tatu ni aseniki, na hili lafaa kusemwa kwa uaminifu kwa sababu si kosa la mchimbaji peke yake. Miamba yenye dhahabu katika ukanda wa Ziwa Victoria ina madini ya aseniki kwa asili. Vipimo vilivyofanywa sehemu za Geita vimeonyesha visima na vijito vyenye aseniki kupita mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Uchimbaji huweza kuongeza tatizo kwa kuutoa mwamba kwenye hewa na mvua, lakini kisima kinaweza kuwa na aseniki hata kama hapajawahi kuchimbwa dhahabu karibu. Kwa sababu hiyo, asiyepima maji kabla ya mgodi kuanza hataweza kamwe kumdai mwenye mgodi kwa haki baadaye. Wala mwenye mgodi hataweza kujitetea kwa haki.

Jinsi swali lilivyozaliwa

Mwaka 1947 mchumi Ciriacy-Wantrup alipendekeza kwamba, kwa vitu visivyouzwa sokoni, watu waulizwe moja kwa moja. Mwaka 1963 Robert K. Davis, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Harvard, aliwauliza wawindaji na watalii wa misitu ya Maine wangelipa kiasi gani ili waendelee kuitumia misitu hiyo. Tangu hapo mbinu hii imeenea ulimwenguni. Tanzania nayo haikuachwa nyuma: mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwauliza wananchi wa wilaya ya Newala juu ya utayari wao wa kulipia maji.

Mbinu hii ilipata mtihani mkubwa baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka huko Alaska mwaka 1989 na kumwaga zaidi ya lita milioni 40 za mafuta baharini. Watafiti walikadiria kwamba hasara waliyoiona Wamarekani, wengi wao wakiwa hawajawahi kufika Alaska wala hawatafika, ilikuwa dola bilioni 2.8. Serikali ikaunda jopo la wataalamu chini ya Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili wakiwa washindi wa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 1993 jopo hilo lilisema kwamba majibu ya namna hii yanaweza kuwa mwanzo mzuri wa kukadiria hasara, kwa masharti: watu wahojiwe ana kwa ana, waelezwe kwa usahihi ni nini kitalindwa na kwa njia gani, wakumbushwe kwamba fedha hiyo wangeweza kuitumia kwa jambo jingine, na waulizwe kama wapiga kura, yaani wakubali au wakatae kiasi kilichotajwa, wasiachwe kubuni tarakimu.

Mfano wa karibu zaidi na suala la migodi ni ule wa bonde la Mto Susquehanna huko Pennsylvania, ambako gesi hutolewa kwenye miamba kwa kuipasua kwa maji yaliyochanganywa na kemikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kaya za huko zingekuwa tayari kulipa, kwa wastani, dola 10 na senti kadhaa kwa mwezi kwa ajili ya hatua za ziada za kuondoa hatari ya uchimbaji gesi kwa mito yao. Jibu hilo linaonyesha kwamba watu hawayaoni maji kuwa bure. Lakini msomaji makini atauliza hapo hapo: kwa nini alipe anayekunywa, badala ya yule anayechimba?

Kasoro za kipimo

Kasoro ya kwanza ni kwamba fedha hupima matakwa na uwezo kwa pamoja, wala haivitenganishi. Kwa mfano wa darasani tu, zichukuliwe kaya 10. Kaya 9 za wakulima zinasema zitatoa shilingi 500 kila moja kwa mwezi. Kaya moja ya mfanyabiashara inasema itatoa shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 54,500, na wastani ni shilingi 5,450 kwa kaya. Lakini kaya ya katikati, zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni ya shilingi 500. Mtunga sera akitoza wastani, amezitoza kaya 9 mara kumi na zaidi ya kile zilichosema. Na akisema kwamba maji ya mfanyabiashara yana thamani mara 100 ya maji ya mkulima, amegeuza pochi kuwa kura. Kiu haina tofauti kiasi hicho.

Kasoro ya pili iligunduliwa mapema. Mwaka 1974 watafiti Hammack na Brown waliwauliza wawindaji wa bata wa porini nchini Marekani maswali mawili. La kwanza: mtalipa kiasi gani ili muendelee kuwinda? Wastani ulikuwa dola 247. La pili: mlipwe kiasi gani ili mkubali kuacha haki yenu ya kuwinda? Wastani ulipanda hadi dola 1,044. Watu ni walewale, bata ni walewale, lakini thamani imezidi mara nne, kwa sababu swali la kwanza linamfanya mtu kuwa mnunuzi wa kitu kisicho chake, na la pili linamfanya kuwa mwenye mali anayeombwa aiachie.

Basi kwa Kagongwa, ni swali lipi lililo sahihi? Jibu halitoki katika uchumi, linatoka katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwananchi wa Kagongwa hanunui usalama wa maji kutoka kwa mtu mwingine. Ni wake tayari. Anayetaka kuupunguza usalama huo kwa manufaa yake ndiye anayepaswa kubisha hodi na kuuliza bei. Mtafiti anayeanza na swali la kwanza tu, bila kufikiri, amekwisha kuamua kesi kabla ya kusikiliza shauri.

Kasoro ya tatu ni kwamba watu huweza kujibu kwa wema wa moyo tu badala ya kupima ukubwa wa jambo. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1993, watu waliulizwa wangetoa kiasi gani kuwaokoa ndege 2,000 wasife kwenye madimbwi ya mafuta. Wengine waliulizwa juu ya ndege 20,000, na wengine 200,000. Majibu ya wastani yalikuwa dola 80, 78 na 88. Ndege waliongezeka mara 100, lakini fedha ilibaki palepale. Tarakimu kama hizo hupima nia njema, ambayo ni kitu cha thamani, lakini si kipimo cha kutosha cha kujengea bwawa la topesumu.

Malipo yasiyo ya fedha

Wapo wasemao kwamba watu wa vijijini hawako tayari kulipia mazingira. Historia ya Shinyanga yenyewe inakanusha maneno hayo. Tangu zamani Wasukuma wametenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa ukame. Ngitili nyingi zilikuwa zimepotea, baada ya misitu kufyekwa enzi za ukoloni katika vita dhidi ya mbung'o na baadaye kwa kilimo na kuni. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004, na katika muda huo mamia ya maelfu ya hekta yakarudishiwa uoto. Nguvu iliyotumika haikuwa ya fedha za wanavijiji. Walilipa kwa kujinyima malisho, kwa kazi ya mikono, na kwa kukubali hukumu ya dagashida dhidi ya ndugu na jirani aliyevunja mwiko.

Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria kwamba manufaa ya ngitili yalikuwa kiasi cha dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Hapa lipo fundisho kubwa. Endapo watu hao wangeulizwa wangetoa shilingi ngapi mkononi kwa ngitili, hakuna kaya ambayo ingeweza kutaja kiasi kinachozidi matumizi yake yote. Thamani ilikuwapo, fedha taslimu haikuwapo. Kwa hiyo utafiti utakaofanywa Kagongwa kwa lugha ya shilingi peke yake utapunguza thamani ya maji kabla haujaanza. Kaya iulizwe pia juu ya siku za kazi, magunia ya mpunga baada ya mavuno, na masharti ambayo iko tayari kujiwekea, kama vile kutolima wala kuosha mawe karibu na chanzo.

Mchafuzi alipe

Kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe ilikubaliwa na nchi za viwanda mwaka 1972, ikaingizwa katika Azimio la Rio mwaka 1992, na imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kanuni hazikosekani. Kinachokosekana ni fedha ya uhakika ya kupima, na ushahidi wa kumfikia mchafuzi.

Kwa migodi mikubwa jambo hili ni jepesi kueleweka, ingawa si jepesi kutekelezwa. Mwaka 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yalifika Mto Tigithe, wilayani Tarime. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6. Mwezi Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga kwenyewe, ulibomoka na tope likafunika mashamba na makazi. Katika matukio hayo mwenye bwawa anajulikana kwa jina na anwani.

Kwa wachimbaji wadogo hoja ni ngumu zaidi, na haifai kukwepwa. Mchafuzi mara nyingi ni mtoto wa hapohapo aliyekosa shamba. Ndugu zake ndio wanywao maji ya kisima kilicho chini ya mwalo wake. Ukimtoza faini, umeitoza kaya ileile. Lakini ukiufuata mnyororo wa dhahabu, utaona kwamba zebaki haikamati dhahabu yote iliyomo katika mawe. Sehemu kubwa hubaki kwenye marudio, na marudio huangukia mikononi mwa wenye makarasha na matangi. Anayeshika zebaki kwa mikono yake ndiye apatae kidogo na kuugua kwanza. Haki inadai kwamba mzigo upandishwe kwenye mnyororo huo, hadi pale faida inapokusanyika.

Mahali hapo panajulikana. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini, Geita na Kahama yakiwamo, ambako dhahabu ya wachimbaji wadogo hupimwa na tozo za serikali hukatwa, ikiwa ni pamoja na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 unaokwenda halmashauri. Theluthi moja ya ushuru huo, yaani sehemu 1 katika 1,000 ya thamani ya dhahabu, ingeweza kutengwa kwa ajili ya kupima na kulinda maji. Ikiwa gramu moja imeuzwa kwa shilingi 200,000, sehemu hiyo ni shilingi 200. Kilo moja ingetoa shilingi 200,000. Tozo mpya haihitajiki, kwa kuwa tozo ikizidi dhahabu hutoroshwa. Kinachotakiwa ni kuitenga sehemu ya ile iliyopo na kuitangaza hadharani kwenye ubao wa kata, pamoja na matokeo ya vipimo. Sehemu ya fedha hizo ingenunua vifaa vya kunasia mvuke wa zebaki, ambavyo huurudisha mvuke kuwa maji yake na kumwezesha mchimbaji kuitumia tena. Hapo mchimbaji huokoa fedha yake na pumzi yake kwa wakati mmoja.

Atatokea wa kusema kwamba halmashauri zina mahitaji mengine: madarasa, zahanati, barabara. Ni kweli. Lakini zahanati inayotibu watoto wenye sumu mwilini ni ghali kuliko chupa ya sampuli, na madhara ya zebaki-methili katika ubongo wa mtoto aliye tumboni hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Japani, nchi tajiri, imelipa fidia za Minamata kwa miongo mingi bila kuweza kumponya mgonjwa hata mmoja.

Basi swali liulizwe vipi?

Utafiti wa utayari wa kulipa una nafasi yake Kagongwa, ukifanywa kwa masharti manne. Kwanza, vipimo vya visima, malambo na majaruba vitangulie, ili mwananchi aulizwe juu ya hatari inayojulikana, asiulizwe juu ya uvumi. Pili, aulizwe maswali yote mawili: angetoa nini kuyalinda maji, na angedai nini kama mtu angetaka kuyachafua. Tofauti ya majibu hayo ndiyo itakayowaonyesha watunga sera ukubwa wa haki inayoguswa. Tatu, kaya zisizo na fedha zipewe njia ya kujibu kwa kazi na mazao, na matokeo yatolewe kwa kaya ya katikati pamoja na wastani. Nne, itamkwe waziwazi, kabla ya swali la kwanza, kwamba jibu litatumika kupima uzito wa maji katika maamuzi na kudai fidia, na kwamba halitageuzwa kuwa tozo ya kaya. Historia inadai uangalifu huu. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na makazi ndani ya miaka 20, kwa gharama ya Serikali. Sera ya mwaka 1991 ikabadili mkondo na kumtaka mtumiaji achangie. Mwananchi ameshachangia bomba na pampu. Kumwongezea gharama ya kuondoa zebaki ya mtu mwingine ni kumtoza mara mbili.

Walimu wa sekondari wa ukanda huu wana sehemu yao katika kazi hii. Vipimo vya asidi na vya upitishaji umeme wa maji vinaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato cha 3 kwa vifaa vya bei nafuu, kisima kilekile, kila mwezi, masika na kiangazi. Vipimo hivyo havionyeshi zebaki wala aseniki. Hizo zahitaji maabara. Lakini mabadiliko ya ghafla katika daftari la shule humwambia mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde ni kisima gani achukue sampuli kwanza. Somo la hisabati litatoa wastani na namba ya kati. Somo la kemia litaeleza kwa nini sayanidi na zebaki zisikutane. Somo la uraia litaeleza maji ni mali ya nani. Na usalama utangulie: mwanafunzi asitumwe kamwe kuchukua sampuli kwenye marudio au kwenye matangi.

Daftari kama hilo, likiendelezwa miaka mitano, litakuwa ushahidi ambao hakuna mwenye mgodi wala mwenye karasha atakayeweza kuupuuza, wala hakuna mchimbaji mnyonge atakayeonewa kwa aseniki iliyowekwa na mwamba. Hapo swali la wachumi litakuwa limepata msingi wake. Mwananchi ataulizwa maji yake yana thamani gani, naye atajibu akiwa mwenye mali. Kisha ankara itapelekwa kwa yule aliyeyachafua.